Chomoa Kimoja, Andika Kimoja

Mjadala huu nimeupanga kama midahalo ya shuleni: kuna hoja, kuna anayeiunga mkono, kuna anayeipinga, na kuna wa tatu anayeukataa hata msingi wake. Sauti zenyewe si za watu wa kuonyeshwa kidole. Ni hoja ambazo kila aliyewahi kusimama mbele ya seva iliyozimika amezisikia, pengine zote zikigombana ndani ya kichwa chake mwenyewe. Nimezipa kazi ili zipate uso: Mwalimu wa kompyuta, Fundi mwenye mvi, na Mweka Hazina wa shule, mama anayetia saini kila shilingi inayotoka. Mwenyekiti ni mimi.

Nimewaketisha katika gombolola ya Kitswamba, wilaya ya Kasese, kwenye uwanda ulio chini ya milima ya Rwenzori. Sikuchagua mahali hapa kwa kubahatisha. Vitabu vya seva huandikiwa chumba chenye kiyoyozi, umeme usioyumba, na ghala la vipuri lililo mtaa wa pili. Kitswamba kuna joto la bondeni, vumbi la kiangazi na radi za milimani, na Kampala iko zaidi ya kilomita 300. Ushauri utakaosimama hapa utasimama popote.

Mbele yao kuna mashine. Ni seva ya moduli, sanduku moja la chuma lililogawanywa vyumba kama mzinga wa nyuki, na kila chumba kina kipande chake kinachochomolewa na kuchomekwa. Mwaka 2008 kampuni ya Intel iliuza sanduku la namna hii lenye nafasi 6 za vipande vya kufanyia kazi, diski ndogo 14, kontrola 2 za diski, swichi 2 za mtandao, na pawa saplai 4. Vipande vyote hukutana kwenye ubao mmoja wa katikati wenye pini nyingi nyembamba. Mashine ya namna hiyo ndiyo ninayoifikiria, imefika shuleni ikiwa tayari imetumika kwingine, kama vifaa vingi vinavyofika kwetu.

Asubuhi ya leo kipande kilicho katika chumba cha pili, kinachoendesha masomo na mitihani ya wanafunzi, kimewasha taa ya rangi ya chungwa. Hakijibu. Hoja imeandikwa ubaoni: *Mashine ya vipande ikiugua, badilisha kipande kwanza, maswali baadaye.*

Mwalimu aiunga mkono hoja

Mheshimiwa Mwenyekiti, mzee wetu Fundi, na mama yetu Mweka Hazina. Aliyeibuni mashine hii alikwisha kulijibu swali la leo. Seva ya zamani ilikuwa sanduku moja, kazi moja. Ikiharibika, unalala chini na bisibisi, unafungua skrubu, unahesabu waya, unaomba Mungu urudishe kila waya ulipokuwa. Mwaka 2001 kampuni ya RLX ya Marekani ikaonyesha njia nyingine: seva 24 zilizosimama wima kama vitabu rafuni, kwenye sanduku lenye kimo kisichozidi sentimita 14. Mwaka uliofuata IBM ikatoa la kwake la vipande 14. Faida yake kubwa moja ni kwamba kipande kikifa unabonyeza kitasa, unakivuta, unaingiza kingine, na kazi inaendelea.

Zaidi ya hapo, katika mashine yetu hii diski haziko ndani ya kipande. Ziko upande wake, zinatumiwa na wote. Kazi za wanafunzi hazifi na kipande kilichokufa. Naingiza kipande kutoka stoo, nakielekeza kwenye diski zilezile, na baada ya robo saa darasa linasoma. Nikimsubiri Mzee Fundi atafute ugonjwa, nitasubiri hadi kesho, na watoto hawa wana mtihani. Naomba kutoa hoja.

Fundi aipinga

Mwenyekiti, namheshimu Mwalimu, lakini ametupa hukumu kabla ya shahidi kusema. Taa ya chungwa inakwambia nani analalamika. Haikwambii nani mgonjwa.

Hapa jirani tuna mradi wa umwagiliaji wa Mubuku. Maji yanatoka mito ya Mubuku na Sebwe, yanaingia mfereji mkuu, yanagawanyika kwenye mifereji midogo, yanafika kwa mkulima. Mkulima akiamka akute shamba lake kavu, je, analilaumu shamba? Analima upya? Hapana. Anapanda na mfereji. Anaangalia kwanza kama jirani ana maji. Jirani akiwa nayo, tatizo liko kati yake na jirani. Jirani naye akiwa mkavu, anaendelea kupanda hadi kwenye lango. Wazee wenye akili hawaanzii hata mwanzo wa mfereji. Wanaanzia katikati, kwa sababu ukiuliza katikati, jibu moja linakuondolea nusu ya safari.

Mashine hii ni mfereji. Umeme unatoka kwenye nguzo, unaingia stabilaiza, UPS, waya wa kuunganishia, pawa saplai, ubao wa katikati, ndipo unafika kwenye kipande. Ukifika asubuhi ukakuta kipande cha pili kimezimika, swali la kwanza ni: cha tatu kina maji? Diski je? Feni zote zinazunguka? Dakika tano za kuuliza zinakuokolea siku tano za kuhangaika.

Na kuna hatari ambayo Mwalimu hakuitaja. Pini za ule ubao wa katikati ni nyembamba kama miiba. Kipande kikiingizwa kwa nguvu au kwa pembe, pini moja inapinda. Pini iliyopinda inaweza kukikwaruza au kukivunja kiungio cha kipande kinachofuata. Ukikihamisha kipande kile chenye kiungio kilichovunjika kwenye chumba kizima, kinapinda pini za huko pia. Hapo umekuwa mganga anayetembea na sindano moja kijiji kizima. Kubadilisha-badilisha ovyo huwa kunaeneza ugonjwa.

Mweka Hazina aikataa mizani yenyewe

Mwenyekiti, mmoja anataka kubadilisha, mwingine anataka kuchunguza. Mimi nauliza: nani alituambia tuwe na mashine hii?

Nimemsikiliza Mwalimu akisifu vyumba. Sijasikia akisema kuhusu ukuta. Vipande vyote vinategemea ubao mmoja. Ubao ule ukifa, vipande vyote vizima vinakuwa vyuma. Kompyuta ndogo 6 za kawaida zikikaa mezani, moja ikifa zinabaki 5, na fundi yeyote wa Kasese au Bwera anaweza kuifungua, na spea zake zinapatikana. Kipande cha mashine hii kimetengenezwa na kampuni moja kwa ajili ya sanduku moja. Kampuni ikiacha kukitengeneza, tunawinda mitumba.

Wilaya hii inalijua jambo hilo. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilipanda treni kwenda Jinja kuyeyushwa, na mji ukajipanga kuizunguka reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji wa shaba ukakoma, na baadaye treni nazo zikanyamaza. Kitu kimoja kilipokuwa mgongo wa vyote, kilipopinda, vyote viliinama. Mimi si fundi, lakini najua maana ya kutegemea mgongo mmoja.

Majibizano

MWALIMU: Mama, hoja yako ni nzito, ila umeileta baada ya ndoa. Mashine ipo. Kompyuta 6 ndogo nazo zina diski 6, chaja 6, na 6 za kila kinachoharibika. Hapa ninatunza kitu kimoja.

MWEKA HAZINA: Unatunza kitu kimoja, na ukikipoteza unapoteza kimoja ambacho ni vyote.

FUNDI: Wote mna haki, ndiyo maana uamuzi hauko kwenye aina ya mashine. Mama, mashine ya vipande inaficha zawadi moja ambayo kompyuta zako 6 hazina kwa urahisi huo: vipande vinafanana. Na vinavyofanana vinaweza kupimana. Mwalimu, nipe kipande kilichozimika. Kabla sijakigusa, nagusa chuma cha sanduku kwa mkono mtupu, ili umeme wa mwilini utoke. Binadamu hahisi cheche mpaka ifike volti 3,000 hivi, lakini chipu zinaweza kuumia kwa volti chini ya 100. Unaweza kuua kitu bila kusikia chochote kidoleni.

Sasa nakivuta polepole. Nakitazama kiungio chake kwa tochi. Kizima. Chumba cha sita ni kitupu. Nakitazama nacho kwa tochi, pini zimesimama kama safu ya askari. Nakiingiza hapo. Tunasubiri.

MWALIMU: Lakini Mzee, hujaona? Umekibadilisha mahali! Unafanya kile ulichokipinga.

FUNDI: Hapo ndipo mjadala ulipo, mwanangu. Wewe unabadilisha ili upate *jibu*. Mimi nabadilisha ili niulize *swali*. Mkono ni ule ule, nia ni tofauti. Nimehamisha kitu kimoja tu, na sikugusa kingine chochote. Ugonjwa ukimfuata mgonjwa hadi chumba cha sita, kipande ndicho kibovu. Ukibaki chumba cha pili, kipande ni kizima na chumba ndicho kina hitilafu. Kama ningeingiza kipande kipya cha stoo, tena kwenye chumba kipya, kwa waya mpya, na mashine ikapona, ningejua imepona. Nisingejua imeponeshwa na nini. Na usilolijua litarudi.

MWEKA HAZINA: Na likirudi, mnakuja kwangu.

MWALIMU: Nakubali tofauti hiyo. Lakini kuna makosa yasiyokaa kitini yakasubiri kuulizwa. Mashine inakufa saa moja jioni, asubuhi ni nzima. Utauliza nini?

FUNDI: Hayo ndiyo yanayokomaza fundi. Kosa linalokuja na kuondoka halitafutwi kwa mikono, linatafutwa kwa saa. Saa moja jioni kuna nini? Mji mzima unawasha taa, pasi na redio, na volti zinashuka. Mchana wa kiangazi kuna nini? Joto. Wenye taaluma ya vyumba vya seva, chama cha ASHRAE cha Marekani, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na daraja linalokubalika kwa seva nyingi za kawaida linafika nyuzi 35. Chumba chenye bati na dirisha lililofungwa kwa kuogopa wezi kinaweza kuvuka hapo mchana. Kapasita za pawa saplai zina kanuni ya zamani ya mafundi: kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Vumbi likishaziba kichujio, feni inapiga kelele lakini hewa haipiti.

Halafu kuna radi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa kutumia setilaiti ya NASA uliikuta Kabare, Kivu Kusini, ikiwa mahali penye miale mingi ya radi kuliko kwingine kote Afrika. Sisi tuko kwenye bonde lile lile la ufa, upande wa kaskazini. Radi haiingii kwa waya wa umeme peke yake. Inaingia hata kwa waya wa mtandao uliotoka jengo hadi jengo. Inaweza isiue kitu siku hiyo. Inakijeruhi, nacho kinakufa baada ya mwezi, na wewe unaulaumu mwezi.

MWALIMU: Memori je? Nimesikia ndizo zinazosumbua zaidi.

FUNDI: Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na Google walitoa matokeo ya kuzifuatilia seva za Google kwa miaka miwili na nusu. Karibu thuluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja la memori kwa mwaka, na zaidi ya vijiti 8 vya memori katika kila 100 viliguswa. Memori za seva husahihisha zenyewe kosa dogo na kuliandika kwenye kumbukumbu ya mashine. Kosa moja si msiba. Lakini watafiti wale waliona kijiti kilichokosea mwezi huu kina nafasi kubwa zaidi ya kukosea tena. Kwa hiyo uamuzi unatokana na hesabu. Kijiti kilichokosea mara moja mwaka mzima kiache. Kinachokosea kila wiki kitoe kabla hakijakuangusha. Na utajuaje kwamba ni kila wiki?

MWEKA HAZINA: Kwa kuandika.

Ukimya kidogo. Mweka Hazina anafungua mkoba wake na kutoa daftari kubwa lenye jalada gumu, lile la hesabu za shule.

Mweka Hazina aomba nafasi ya pili

Mwenyekiti, naona mimi ndiye nisiyejua mashine, lakini nyote wawili mmekuwa mkizungumzia kazi yangu. Dukani kwa marehemu baba kulikuwa na maneno ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Niwaulize. Mwaka jana mlininunulisha pawa saplai. Mkasema mashine ina nne ili moja ikifa nyingine zibebe. Zote nne zimechomekwa wapi?

MWALIMU: Kwenye… ekstensheni ile pale.

MWEKA HAZINA: Moja?

MWALIMU: Moja.

MWEKA HAZINA: Basi tulinunua milango minne na kuifungia kwa kufuli moja. Hilo hata mimi naliona. Zigawanywe leo, mbili kwenye UPS, mbili kwenye stabilaiza, soketi mbalimbali. Swali la pili. Stoo kuna rafu yenye vipande vitatu. Vipi ni vizima?

Hakuna anayejibu.

MWEKA HAZINA: Hamjui. Kimoja kilitolewa kikiwa kibovu, kingine kilitolewa kwa kushukiwa, cha tatu kilikuja kipya. Vyote vimekaa pamoja, sura moja. Sasa Mwalimu alitaka kuchukua kimoja hapo akiingize darasani. Angechukua kibovu akaingiza mahali pa kizima, angesema chumba ndicho kibaya. Angechukua kizima, angesema kipande ndicho kilikuwa kibaya. Rafu isiyo na lebo inasema uongo kwa kila anayeiuliza.

Katika hesabu tuna kanuni: kila kilichotoka mahali, lazima kionekane kilikoingia. Shilingi haipotei hewani. Ikitoka benki, imeingia mahali. Fanyeni hivyo hivyo. Kipande kimetoka chumba cha pili, tarehe fulani, saa fulani, kwa sababu fulani, kikaingia rafu ya washukiwa. Kingine kimetoka rafu ya wazima, kikaingia chumba cha pili. Mistari miwili. Mwisho wa mwezi nafunga hesabu: vipande viko vingapi, wapi, na kwa hali gani. Hesabu isipolingana, kuna mtu amechomoa bila kuandika.

FUNDI: Mama, ongeza safu moja: toleo la programu ya ndani ya kipande. Kipande kizima chenye toleo la zamani kinaweza kukataliwa na sanduku, nawe ukadhani ni kibovu.

MWALIMU: Lakini mashine inajiandikia yenyewe, Mama. Kila tukio limo kwenye kumbukumbu yake, na saa.

FUNDI: Saa ya nani? Kuna betri ndogo ya kidonge, volti 3, inayoiwekea mashine saa yake umeme ukikatika. Betri ile ikiisha, mashine inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na kila tukio linaandikwa kwa tarehe ya uongo. Utalinganisha vipi na siku ya radi? Andika kwa mkono, kwa saa ya ukutani. Kumbukumbu ya mashine inajua ilichohisi. Haijui kwamba mtu alifagia chumba, alihamisha meza, au alichomeka pasi.

Chumba cha pili

Wakati wakizungumza, kipande kilichohamishiwa chumba cha sita kimewasha taa ya kijani. Kimepona kwa kuhama. Maana yake hakikuwa na ugonjwa.

Mwalimu anataka kukimbilia stoo achukue kipande kingine akijaribu chumba cha pili. Fundi anamshika bega. Anainama na tochi, anatazama ndani ya chumba kitupu kwa muda mrefu. Kisha anampa Mwalimu tochi. Katika safu ya chini, pini moja imelala ubavu.

MWALIMU: Mzee… nadhani ni mimi.

FUNDI: Sema.

MWALIMU: Jumanne iliyopita, jioni, taa zilififia zikarudi. Kipande cha pili kilikwama. Nilikivuta, nikakirudisha haraka, kikagoma kuingia, nikakisukuma. Kikawaka. Nikashukuru, nikaenda nyumbani. Tangu hapo kilikuwa kinazimika na kuwaka, nami nilikuwa nakichomoa na kukirudisha.

FUNDI: Basi umeme ulipoyumba kilikwama tu, kingezimwa na kuwashwa, kingepona. Ugonjwa wa pili ndio tuliouzaa wenyewe, kwa dawa ya ule wa kwanza.

MWALIMU: Sikusema kwa sababu niliogopa.

MWEKA HAZINA: Nani alikuogopesha?

MWALIMU: Gharama. Na wewe, Mama.

Mweka Hazina anakaa kimya, kisha anamsogezea daftari na kalamu.

MWEKA HAZINA: Andika. Tarehe, saa, ulichokiona, ulichokifanya. Usiandike nani alikosea. Andika nini kilitokea. Daftari hili sitalitumia kumkata mtu mshahara. Nikilitumia hivyo mara moja tu, hakuna atakayeandika ukweli tena, na hapo tutakuwa na daftari zuri la uongo. Gharama ya leo ni kiasi gani, Mzee?

FUNDI: Leo, hakuna. Kipande ni kizima, kinafanya kazi chumba cha sita. Chumba cha pili tunakifunga. Tubandike karatasi: *Usiingize kitu, pini imepinda*. Siwezi kuinyoosha pini ile kwa koleo nikakuhakikishia haitakatika. Sanduku lina vyumba 6, sisi tunatumia 5. Hii ndiyo zawadi ya kweli ya mashine ya vipande, Mama: inakubali kuishi na chumba kimoja kilichofungwa, alimradi wote wajue kimefungwa na kwa nini.

Neno la mwenyekiti

Sijapiga kura, kwa sababu hoja ilivunjika kabla ya kura. Mwalimu alikuwa na haki kwamba huduma isingoje. Kama mashine ile ingekuwa ya kituo cha afya, inabeba majina ya akina mama waliolazwa, Fundi mwenyewe angekuwa wa kwanza kukubali kipande kibadilishwe sasa hivi. Hata hapo kuna sharti: piga picha ya taa kabla hujazima chochote, tazama pini kabla hujaingiza, na kile ulichokitoa kiwekwe lebo kabla hakijafika rafuni. Rudisha huduma, ila usifute nyayo za mwizi wakati unakimbia.

Fundi alikuwa na haki kwamba taa si hukumu. Na Mweka Hazina alikuwa na haki kuhusu mgongo mmoja. Hilo halikujibiwa leo, na halitajibiwa na ufundi. Siku ubao wa katikati utakapokufa, ni nakala za kazi za wanafunzi zilizowekwa nje ya sanduku hilo zitakazowaokoa. Nakala hizo nazo zinahitaji mstari wake daftarini, na mtu wa kuzijaribu kuzirudisha kabla ya siku ya msiba.

Imani yangu ni hii. Watu wetu wengi wanaofanya kazi na mashine zilizokwisha kutumika kwingine hawakosi akili wala mikono. Nimeona mafundi wa vibanda vidogo wakifufua vitu ambavyo waliovitengeneza wangevitupa. Tunachokosa mara nyingi ni kumbukumbu inayopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Fundi wa leo anahama, Mwalimu anahamishwa, na anayekuja anaikuta mashine kama yatima, haijui historia yake. Anaanza upya: anachomoa, anachomeka, anapinda pini nyingine.

Spea ya kwanza ya kununua kwa mashine ya vipande, kabla ya diski na kabla ya feni, ni daftari lenye jalada gumu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Ya pili ni kiongozi ambaye mtu anaweza kumwambia, "Nilisukuma kwa nguvu," asiogope. Bila huyo, daftari litabaki jeupe.

Katika daftari la Kitswamba niliyoifikiria, ukurasa wa kwanza sasa una mistari miwili. Mmoja unasema kipande kimetoka chumba cha pili. Wa pili unasema kimeingia chumba cha sita. Saa zimeandikwa kwa saa ya ukutani. Hesabu inalingana, na watoto wanafanya mtihani.